Timazi la Creuse

Mwenyeji wangu alilitoa kabatini likiwa limeviringishwa kwenye kitambaa cha jikoni, akaliweka mezani katikati ya vikombe vya kahawa. Kipande cha chuma chenye umbo la figili, ncha imechakaa, na juu yake kitundu ambamo ulikuwa umebaki uzi wa katani usiofika hata shibiri. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Marehemu baba alikuwa fundi mwashi, na kwetu timazi lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Sisi watoto tulikatazwa kulichezea, kwa sababu timazi likiangushwa ncha ikapinda, ukuta mzima utapinda nalo.

"Hili ni la babu yake babu yangu," mzee alisema. "Limekwenda Paris kwa miguu."

Nililipima mkononi. Uzito ulikuwa ule ule wa nyumbani.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, nyumba ya mawe kwenye kijiji cha familia tano au sita, karibu na mji mdogo wa Bourganeuf, mkoa wa Creuse, katikati ya Ufaransa. (Wafaransa wanasema département. Mimi nitasema mkoa, na ile région iliyo kubwa zaidi nitaiita kanda.) Nilialikwa na rafiki ambaye mzee huyu ni mjomba wake. Nilipowaambia wenzangu kazini Paris ninakokwenda, walicheka wakaniuliza naenda kufanya nini huko, maana hakuna kitu. Neno hilo la "hakuna kitu" nilikutana nalo tena kila nilipoitaja Creuse, na ndilo lililonifanya niandike. Nimekaa huko siku tisa, nikarudi mara mbili baadaye, na sijaona mahali ambapo hakuna kitu. Nimeona mahali palipotolewa watu, kizazi baada ya kizazi, kisha wale wale waliowatoa wakapageukia na kupaita patupu.

Majina yenyewe hayausaidii mkoa huu. Creuse ni jina la mto unaoukatiza, lakini kwa Kifaransa neno hilo pia lina maana ya kitu chenye uwazi ndani, kama mzinga. Makao makuu ya mkoa ni Guéret, neno la wakulima, yaani shamba lililolimwa likaachwa lipumzike bila mbegu. Na kituo unachoshukia ukitoka Paris, baada ya karibu saa tatu za treni kutoka stesheni ya Austerlitz, kinaitwa La Souterraine, iliyo chini ya ardhi. Shimo, shamba lisilopandwa, chini ya ardhi. Mtu asiyejua angedhani waliopatunga majina hayo walikuwa na kinyongo na mahali hapa.

Ardhi yake ni itale. Kusini unapanda kwenye uwanda wa juu wa Millevaches, kilele cha mkoa kikizidi kidogo mita 900, nyanda za baridi na vinamasi ambamo mito mingi inaanzia, Creuse ukiwa mmojawapo. Jina Millevaches ukilisoma kwa Kifaransa cha leo ni "ng'ombe elfu", ila wajuzi wa majina hawakubaliani nalo, na wengine hudai asili yake ni neno la kale la chemchemi. Mimi, baada ya kutembea asubuhi nzima viatu vikivuta maji, niko upande wa chemchemi. Ng'ombe hata hivyo wapo, wale wekundu wa Limousin, wamesimama kwenye ukungu kama udongo wa mfinyanzi uliopewa miguu. Kaskazini nchi inalegea, vilima vinakuwa vya mviringo, na mashamba yamezungushiwa ua wa miti. Kote huko udongo ni mchache na mchachu. Kwa karne nyingi watu waliishi kwa nafaka ya rai, viazi vilipofika wakaongeza viazi, na kokwa za mti wanaouita châtaignier, ambazo maskini walizichemsha na kuzila kama sisi tunavyokula mihogo.

Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa sehemu kubwa ya nchi hii iliitwa La Marche, maana yake mpaka, eneo la katikati kati ya mabwana wa kusini na wa kaskazini. Mpaka huo bado unasikika kwenye ndimi za wazee. Kusini mwa mkoa lahaja ya jadi ni ya Ki-Oksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, kaskazini inachanganyika na Kifaransa cha kaskazini, na Guéret umekaa mle mle kwenye mchanganyiko. Mwaka 1790 wakuu wa Paris walifuta majimbo ya zamani wakaikata Ufaransa katika mikoa 83. Creuse ikazaliwa hapo, kwa rula na mkasi. Mwaka 2016 wakakata tena, safari hii kwa kuunganisha. Kanda ya Limousin, ambayo Creuse ilikuwa sehemu yake, ikamezwa na kanda kubwa ya Nouvelle-Aquitaine yenye makao yake Bordeaux, mji wa bandari na mvinyo ambao mwenyeji wangu amewahi kufika mara mbili maishani.

Sasa turudi kwenye timazi, maana historia ya Creuse imening'inia hapo.

Ardhi ilipokuwa haitoshi kulisha watu, wanaume walijifunza kujenga. Tangu zamani sana, na kwa wingi kabisa katika karne ya 19, kila mwaka mwezi wa Machi makumi ya maelfu ya wanaume wa Creuse walifunga virago wakatembea kwenda Paris, Lyon na miji mingine. Walikwenda kwa makundi, wakipiga kilomita 50 hadi 60 kwa siku, hadi Orléans, na kutoka hapo aliyekuwa na nauli alipanda gari la farasi kumalizia safari. Novemba au Desemba walirudi na fedha za kulipia kodi na madeni. Harusi zilifungwa majira ya baridi, kwa kuwa ndiyo miezi pekee bwana harusi alikuwa nyumbani. Mashamba, mifugo, wazee na watoto vilikuwa mikononi mwa wanawake miezi tisa kati ya kumi na miwili. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu mafundi hawa. Kuhusu wake zao nimeona machache, na nadhani ni dhuluma. Ukuta wa Paris ulisimama kwa sababu kuna mwanamke huku Creuse alikuwa akikamua ng'ombe kwenye giza la alfajiri.

Tunayajua maisha ya mafundi hawa vizuri kuliko ya vibarua wengi wa zama zao kwa sababu mmoja wao aliyaandika. Martin Nadaud alizaliwa mwaka 1815 katika kitongoji cha La Martinèche, si mbali na meza ile ya jikoni. Baba yake, fundi naye, alishikilia mtoto asome, ingawa nyumbani walimpinga wakisema mtu wa jembe na mwiko herufi za nini. Machi 1830, akiwa na miaka 14, baba alimchukua Paris. Kijana alitembea na nguo ngumu mpya na viatu vilivyomchubua, akalala njiani kwenye vitanda ambavyo mashuka yake yalikuwa yamelaliwa na kila msafiri aliyetangulia. Paris akaanza kama wote wanavyoanza, saidia fundi, kubeba lipu begani na kupanda nayo ngazi. Walilala chumba kimoja watu wengi, wawili kitanda kimoja. Kazi zenyewe zilitafutwa alfajiri katika uwanja wa Place de Grève, mbele ya jumba la manispaa, ambako mafundi walisimama wakisubiri mwajiri aje awachague. Grève maana yake ni ufuko wa kokoto, kwa kuwa uwanja ule ulishuka hadi mtoni Seine. Na kwa kuwa ndiko walikosimama wasio na kazi, na baadaye waliokataa kufanya kazi, neno hilo leo ndilo Wafaransa wanalotumia kwa mgomo. Kila treni inaposimama Ufaransa kwa sababu ya mgomo, watu wanataja uwanja wa vibarua wa Creuse bila kujua.

Nadaud alianguka kazini kutoka juu akavunjika mikono yote miwili. Alipona. Usiku, baada ya kazi, akafungua darasa chumbani kwake akawafundisha mafundi wenzake kusoma. Mwaka 1849 watu wa Creuse walimchagua mbunge, fundi mwashi aliyeingia Bungeni na mikono yake yenye sugu. Desemba 1851 Louis-Napoléon Bonaparte, ambaye baadaye alijiita Napoléon III, akapindua Jamhuri, na Nadaud akafukuzwa nchini. Akaishi Uingereza karibu miaka 20, kwanza akijenga, kisha akifundisha Kifaransa shuleni. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1870 akarudi, na serikali mpya ikamfanya mkuu wa mkoa wa Creuse. Nilisimama mbele ya ofisi ya mkuu wa mkoa pale Guéret nikamfikiria, saidia fundi wa zamani, akipanda ngazi za jengo lile bila mzigo begani.

Baadaye alirudi Bungeni, na kwa miaka mingi alidai jambo ambalo matajiri waliliona wazimu, kwamba mfanyakazi akiumia kazini alipwe bila kulazimika kuthibitisha kosa la mwajiri. Sheria hiyo ilipita Aprili 1898. Yeye alifariki Desemba ya mwaka huo huo. Baba yangu alianguka kwenye kiunzi cha miti mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la sita, akakaa miezi minne hana kazi, na aliyemwajiri alimletea kilo tano za unga. Ndiyo maana sheria ya 1898 kwangu si kipengele cha historia ya Ufaransa tu.

Mwaka 1851 Creuse ilikuwa na watu 287,000 hivi. Leo ina kama 115,000, katika eneo la kilomita za mraba 5,565. Katika Ufaransa bara ni Lozère peke yake yenye watu wachache zaidi. Kilichotokea ni rahisi kusema. Reli ilifika, na safari ya siku kadhaa ikawa ya saa kadhaa. Paris ya Napoléon III na mkuu wake wa mkoa, Haussmann, ilikuwa ikibomolewa na kujengwa upya, kazi haikuisha hata wakati wa baridi. Fundi aliyekuwa akirudi kila Novemba akaanza kurudi kwa nadra, kisha akamwita mke, kisha watoto wakazaliwa hukohuko. Ukitembea leo Paris kwenye barabara zile pana ukatazama juu, mawe yale mengi yamepangwa na mikono ya watu ambao vijiji vyao vilibaki na moshi wa bomba moja.

Kisha vita ya 1914. Katika kijiji cha Gentioux kuna mnara wa kuwakumbuka waliokufa, uliosimamishwa mwaka 1922. Ufaransa nzima ina minara hiyo, kwa kawaida askari amesimama kishujaa, au bendera, au jogoo. Gentioux hakuna askari. Kuna orodha ya majina, na chini yake mtoto wa kiume wa shaba, amevaa joho la shule na viatu vya mbao, kofia mkononi, yatima. Mkono mwingine umeinuka, ngumi imekunjwa, kuelekea maneno yaliyochongwa kwenye jiwe: Maudite soit la guerre, na ilaaniwe vita. Mkuu wa mkoa wa wakati huo alikataa kuja kuuzindua. Nilikaa mbele ya mtoto yule mvua ikinyesha. Mchongaji amefanya kitu kimoja ambacho picha hazionyeshi vizuri. Ngumi ile si ya mtu mzima iliyopunguzwa, ni ya mtoto kweli, vidole vimejaa, kama ngumi ya mtoto aliyeficha peremende. Maji yalitiririka kutoka kwenye kiwiko chake.

Nitaipita haraka Bourganeuf na mnara wake, ambamo mashujaa wa Hospitali, chama cha wapiganaji wa Kikristo, walimfungia Zizim, mwana wa mfalme wa Kituruki aliyegombea kiti na kaka yake Bayezid wa Pili katika karne ya 15. Watalii wanakwenda kwa ajili hiyo na wana haki. Mimi nilivutwa zaidi na Aubusson, mji wa mazulia ya ukutani. Mwaka 1665 Colbert, waziri wa Louis wa 14, aliyapa karakana za mji huo hadhi ya kifalme. Miaka 20 baadaye mfalme yule yule akawaondolea Waprotestanti uhuru wa dini, na wafumaji wengi wakakimbilia Ujerumani na Uswisi na ujuzi wao vichwani. Hata hivyo kazi haikufa, na mwaka 2009 UNESCO iliuweka ufumaji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Nilimwona mama mmoja akifuma. Kitanda cha mfumi kimelala kama meza, nyuzi za mtande zimekazwa mlalo, na chini yake imewekwa karatasi yenye mchoro. Mfumaji ameinama juu yake, miguu kwenye kanyagio, anapitisha kijiti chenye sufu ya rangi kati ya nyuzi, anakaza kwa kucha, kisha kwa kichana. Anachokiona ni upande wa nyuma, wenye ncha na mafundo. Upande wa mbele uko chini, umegeuka, na akitaka kujua anafanya nini hutia kioo kidogo chini ya nyuzi akachungulia. Mita moja ya mraba inaweza kumaliza mwezi mzima. Nilimuuliza kama haimsumbui kufanya kazi miezi yote hiyo bila kuiona. Akasema mikono inaona.

Vita ya pili ilileta watoto Creuse. Shirika la Kiyahudi la OSE lilifungua makazi katika majumba ya zamani ya mkoa huu, mojawapo likiwa Chabannes, karibu na Saint-Pierre-de-Fursac, chini ya uongozi wa Félix Chevrier. Walikuwa watoto wa Kiyahudi waliotoka Ujerumani, Austria, Poland na Paris yenyewe, wengi wametenganishwa na wazazi. Walimu wa kijiji, akina dada wawili Renée na Félicie Paillassou, waliwaingiza darasani na watoto wa wakulima. Agosti 1942 polisi wa Ufaransa walifika na orodha. Baadhi ya watoto walichukuliwa, wengine wengi walikuwa wameshafichwa. Wanakijiji walijua kilichokuwa kikiendelea kwenye jumba lile na hawakusema. Umaskini ule ule, upweke ule ule unaochekwa Paris, uliwasitiri watoto wa watu.

Miaka 20 baadaye watoto wengine waliletwa, na hapa ndipo hadithi inaponigusa mahali pabaya.

Kisiwa cha Réunion kiko Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, na ni mkoa wa Ufaransa. Waafrika wengi wa kisiwa hicho babu zao walinunuliwa pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya Kifaransa ambavyo Réunion, wakati huo ikiitwa Bourbon, ilikuwa kimojawapo. Utumwa ulifutwa huko Desemba 1848. Umaskini haukufutwa. Katika miaka ya 1960 kisiwa kilikuwa na vijana wengi wasio na kazi, na Michel Debré, aliyekuwa waziri mkuu kisha mbunge wa Réunion tangu 1963, alisukuma sera ya kuwahamishia Ufaransa bara. Watu wazima walihamishwa kwa njia yao. Watoto waliokuwa chini ya ulinzi wa serikali walihamishwa kwa njia nyingine. Wazazi wasiojua kusoma waliweka dole gumba kwenye karatasi, wakiambiwa mtoto anakwenda kusoma na atarudi likizo.

Tume ya wataalamu iliyotoa ripoti yake mwaka 2018 ilihesabu watoto 2,015, kati ya 1962 na 1984. Walisambazwa karibu Ufaransa nzima, lakini zaidi ya 200 waliletwa Creuse, wakapokelewa kwenye makazi ya watoto pale Guéret, na kwa sababu hiyo wote wanaitwa hadi leo "watoto wa Creuse". Wengine walipata familia zilizowapenda. Wengine waligeuzwa vibarua wa mashambani wasiolipwa. Kuna waliobadilishwa majina, kuna walioambiwa wazazi wao wamekufa nao wako hai. Februari 2014 Bunge la Ufaransa lilipitisha azimio likikiri kwamba taifa lilishindwa wajibu wake kwa watoto hao, kura 125 dhidi ya 14.

Mkoa uliomwagwa watu wake ukageuzwa chombo cha kumiminia watoto wa wengine. Siwalaumu wakulima wote wa Creuse kwa hilo. Walioamua walikuwa mbali, na kwa mbali Creuse na Réunion zilionekana kama tarakimu mbili kwenye daftari moja, huku wamepungua, kule wamezidi.

Nilimuuliza mwenyeji wangu, jioni ya mwisho, kama aliwahi kuwaona. Alikaa kimya muda mrefu, akainuka, akafungua kabati lile lile. Akaja na picha ya darasa, rangi nyeusi na nyeupe, watoto kama 20 mbele ya ukuta wa shule. Kwenye safu ya pili, pembeni, kijana mweusi mwembamba, koti limemzidi mikono. Alikuja mwezi wa Novemba, mzee alisema, akaketi naye dawati moja. Alikuwa akikaa kwa mkulima ng'ambo ya kijito. Theluji ya kwanza ilipoanguka watoto wote walitoka mbio uani, yeye akabaki mlangoni, ameweka mkono mmoja nje, kiganja juu, anatazama inavyoyeyuka. Baada ya Pasaka hakuonekana tena. Mwalimu aliendelea kuita jina lake kwenye mahudhurio kwa siku kadhaa, kisha akaacha.

Nyuma ya picha majina yameandikwa kwa penseli, mstari kwa mstari. La kijana yule ni jina la Kifaransa kabisa, kama la mtoto yeyote wa kijiji. Mzee aliweka kidole juu yake. "Hili ndilo walilompa," alisema. "Mwenyewe aliniambia lingine, tukiwa njiani kurudi nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na moja, sikulishika."

Akaiweka picha mezani, akaisawazisha na ukingo wa meza, na juu yake, ili isijikunje, akalaza lile timazi.